Hukumu Niliyoifuata Ileje

Jamani, nimechoka kuulizwa. Kisimani naulizwa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga naulizwa, hata darasani kwangu wanafunzi wa elimu ya watu wazima wanaacha kusoma silabi ubaoni wananiambia, "Mwalimu, kwani huko Ileje ilikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa vipande vimeanza kugombana. Juzi nimesikia eti nilirogwa Tunduma. Nani kasema? Basi nayaandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa daftari asome mwenyewe.

Chanzo mnakijua, lakini kwa wale waliohamia kijijini juzi nitakisema. Lusekelo, mume wangu, alikuja huku Kilombero kujenga reli. Reli ikaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki na mimi miaka saba. Mahari haikutoka na kanisani hatukwenda. Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba yetu, penye ile miembe michanga aliyoipanda. Arobaini haijatimia, Ambakisye, mtoto wa baba yake mdogo, akasimama mbele ya halmashauri ya kijiji akasema mimi si mke wa marehemu, nilikuwa nakaa naye tu, kwa hiyo nyumba na shamba ni vya ukoo. Halmashauri ikagawanyika. Mwenyekiti akanipa hadi mwisho wa masika nilete neno la baba mzazi wa Lusekelo. Akisema mke, nakaa. Akisema si mke, natoka na mwanangu Neema, na kaburi namwachia Ambakisye.

Habari nilizokuwa nazo za baba mkwe zilikuwa chache. Jina lake Anyandwile. Aliwahi kuwa karani wa baraza la chifu. Na kuna siku nilimwomba Lusekelo anipeleke kwao, akaniambia, "Utakwenda, lakini baba hutamwona." Nilipomuuliza kwa nini, alicheka tu akaendelea kula. Neno hilo lilinikaa rohoni safari nzima, maana mimi nililielewa hivi: baba yake hanitaki.

Ndani ya treni, na jinsi nilivyoipita Vwawa

Nilipanda Ifakara na kilo kumi za mchele wa zawadi. Neema nilimwacha kwa Mama Zainabu. Treni ilitembea vizuri, kisha ikasimama porini, na hakuna aliyetuambia sababu. Watu wakashuka, wakawasha moto, wakapika chai. Mimi nina mchele kilo kumi na sina sufuria!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kanzu na kofia, Mzee Shabani, mwenyeji wa Kondoa lakini biashara zake ziko Tunduma. Alinipa mihogo ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Sukari mwaka ule tuliisikia kwa jina tu. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia, kwa Karani Anyandwile wa Ileje.

"Karani simjui," akasema. "Namjua hakimu wa jina hilo. Alinifunga."

Nikashtuka. "Alikufunga kwa kosa gani?"

"Magendo. Miezi mitatu. Nilikuwa na baiskeli mpya, nikaiacha pale pale mahakamani, nikasema basi, hiyo imekwenda. Siku natoka gerezani nikamkuta yeye mwenyewe mlangoni ameishika. Ameipaka mafuta mnyororo."

"Sasa Mzee wangu, huyo ni mtu mwema au mbaya?"

Mzee Shabani akafikiri kweli kweli. "Ni hakimu," akasema.

Mniambie ninyi, jibu gani hilo? Nikaanza kuhisi nimekosea mtu. Lusekelo hakuniambia habari za hakimu hata siku moja. Treni ikaondoka, tukasinzia, tukaamka, tukapita Mbeya, tukapita stesheni ya Vwawa, na hapo ndipo Mzee Shabani akasema kwa upole wote, "Huyo hakimu, ukimtaka, anakaa Mbozi Mission. Ungeshuka pale tulipotoka." Alikuwa amenilisha mihogo siku nzima, ningemtukanaje?

Tunduma, mji wenye nchi mbili

Nililala kwa mke wa Mzee Shabani, mama mcheshi, nyumba imejaa magunia na wageni. Asubuhi akanituma sokoni kununua dagaa, akanielekeza, "Nenda moja kwa moja." Nikaenda moja kwa moja. Nikapita katikati ya malori, nikaona wamama wanauza vitenge na sabuni, nikasema hapa ndipo. Mmoja akanisalimia, "Mulishani, mama," nikamwitikia "Marahaba" kwa kubahatisha. Wakacheka wote. Wakanikaribisha ugali wao, wenyewe wanauita ubwali, nikala kidogo kwa heshima.

Wakati wa kurudi, askari akanisimamisha. "Mama, unatoka wapi?"

"Sokoni."

"Soko gani? Huko ulikotoka ni Zambia."

"Zambia? Mimi nimenunua dagaa tu!"

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona kweli mtu mwenyewe hajui hata alipo, akanipungia mkono nipite. Mke wa Mzee Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka naye, lakini moyoni niliona aibu, nikajiuliza: kama mpaka wa nchi nimeshindwa kuuona, mtu nisiyemjua sura nitamwonaje?

Mbozi Mission, nilikoambiwa habari ya Hasamba

Kwenda Mbozi nilipata lori lililokuwa likifuata kahawa. Lilipakia, likapakua, likapakia tena, nikafika mchana wa siku ya pili. Pale mission nilielekezwa kwa mama mmoja mzee wa kanisa, Mama Tusajigwe, nikamkuta uani anachambua maharage. Nilikaa nikamsaidia, huku nimejipanga kuuliza kwa adabu.

"Hakimu?" akasema. "Sisi hapa tunamwita Mbunge."

Karani, hakimu, mbunge! Nikamwambia, "Mama, mimi namtafuta mtu mmoja. Ninyi mnanipa watatu."

Ndipo akanifungulia. Alikuwa mtu mmoja yule yule. Zamani za wakoloni alikuwa karani barazani, na jioni akitoka kazini alikaa kibarazani kwake akiwaandikia watu malalamiko yao, wale wasiojua kusoma, bila kuchukua hata yai. Uhuru ulipokuja, machifu wakaondolewa, akapewa mahakama ya mwanzo. Baadaye watu wakasema huyu aende akatusemee Dar es Salaam, wakampigia kura. Aliposhindwa uchaguzi uliofuata, alirudisha ufunguo wa nyumba, akabeba kitanda chake, akarudi kwao Ileje.

"Kwa hiyo hapa hayupo?"

"Miaka mingi sasa."

Nilitaka kulia. Lakini nikajipa moyo, nikamwambia, "Angalau ni mtu wa kuwasikiliza wanyonge."

Mama Tusajigwe akaacha kuchambua. "Inategemea," akasema. "Dada yangu aliolewa Hasamba. Alikaa na mume miaka kumi na mmoja. Mume akafa, ndugu wakaja juu, wakaenda kwa hakimu huyo huyo. Akauliza, ng'ombe walitoka wangapi? Hakuna hata mmoja. Akamwambia dada yangu, basi wewe si mke. Akafunga kitabu. Dada alikufa akiwa jikoni kwa watu."

Nilihisi maharage yote yananiponyoka mikononi. Kesi ile ilikuwa yangu, imebadilishwa majina tu. Usiku ule nilipanga kurudi Ifakara. Asubuhi hasira ikanipanda: nimesafiri kote huku, nimekula ubwali Zambia bila pasi, halafu nirudi bila kuambiwa "hapana" na mwenyewe? Nikafunga mchele wangu.

Mpemba hadi milimani

Ilibidi nirudi tena njia ya Tunduma hadi Mpemba, pale barabara ya Ileje inapochepuka. Nikapata lori la mbolea. Masika ilikuwa imeipiga barabara ile mpaka basi. Tulikwama mara ya kwanza, tukasukuma. Tukakwama mara ya pili, dereva akashuka, akatazama gurudumu, akatoa mkeka akalala. Tulikaa pale siku mbili. Tulikula mahindi ya kuchoma kutoka kwa watu wa pembeni ya barabara, nami hatimaye nilipata sufuria, nikapikia abiria wote kilo tatu za mchele wa wakwe. Walisifu sana. Hawajui waliniharibia zawadi!

Na baridi jamani, baridi! Mimi mtu wa Kilombero nimevaa kanga mbili. Mama mmoja alinifunika blanketi lake bila kuniuliza, akakaa na baridi yake kimya.

Lori liliponishusha, nilitembea kwa miguu nusu siku. Nilipokaribia, nikakutana na mwanamke kijana ana mzigo wa kuni. Nikamwuliza, "Dada, kwa Mzee Anyandwile ni wapi?"

Akaziba mdomo. Akageuka pembeni, akaelekeza kwa kidevu upande wa migomba, kisha akaondoka haraka karibu kudondosha kuni. Nikasimama njiani peke yangu. Jina gani hili ambalo watu hawataki hata kulisikia? Karani alipendwa, hakimu aliogopwa, mbunge alishindwa, na nyumbani kwake jina lake linafukuza watu. Sikuelewa hata kidogo.

Uani kwake

Nilifika saa sita mchana. Uani kulikuwa na wazee kumi na mmoja wamekaa kwenye vigoda, na katikati mzee mrefu, mwembamba, koti la zamani, katambuga miguuni. Walikuwa wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Cheo hana tena, lakini bado watu wanamletea kesi zao. Nikasema moyoni, vizuri, nimekuta baraza. Nitasema mbele ya mashahidi.

Nikaweka mzigo chini, nikasimama mbele yake kabisa, nikapiga goti. "Shikamoo baba. Mimi ni mke wa mwanao Lusekelo. Nimetoka Ifakara."

Yule mzee aliinuka akavuta koti akajifunika uso. Kisha akakimbia.

Sisemi aliondoka. Alikimbia! Alipita katikati ya wazee wenzake, akaangusha kigoda, akaingia migombani, katambuga moja ikabaki uani. Wazee wote wakatazama chini. Hakuna aliyecheka.

Mimi nami nikashikwa na wazimu. Siku ngapi njiani! Nikapiga kelele, "Mzee Anyandwile! Usinikimbie! Niambie hapana hapa hapa!" Nikasikia wanawake nyuma ya nyumba wanapiga yowe. Ndiyo kwanza nikapandisha kanga, nikamfukuza migombani. Ndiyo, nilimfukuza, msinicheke. Nilimwona mgongo tu, ukipotea na kutokea. Mtu wa umri ule sijui alipata wapi mbio. Wanawake wawili wakanidaka, wakanirudisha huku wakinisemesha Kindali, lugha yao, nami nikilia na kumtukana mtoto wa watu aliyenizalisha akafa.

Waliniingiza ndani, wakaniletea maji ya moto ya kuoga, kisha ndizi na maharage. Nikakataa kula. Mama mkwe alikuwa mama mfupi, macho mekundu. Tangu ilipofika simu ya kifo, hajaacha kulia. Alinishika mikono yote miwili. Kiswahili chake ni cha kubabaisha.

"Amekukimbia," akasema.

"Nimeona, mama."

"Vizuri."

"Vizuri?"

"Vizuri sana!" Na akatabasamu huku machozi yanamtoka.

Nikadhani nimechanganyikiwa, au wote pale wamechanganyikiwa. Ilimchukua muda mrefu kunieleza, kwa mikono, kwa Kindali, kwa Kiswahili chake, na yule mwanamke wa kuni akisaidia, kumbe naye ni mke wa mtoto wao mwingine. Kwa desturi yao mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye, hapishani naye njiani, jina lake halitaji. Wakikutana, mwanamke ndiye anayekimbia. Mimi nilisimama pale kama nguzo, nikampigia goti, nikamtazama machoni! Ilibidi akimbie yeye.

"Na kama angenikataa?" nikauliza.

Yule mwanamke wa kuni akashangaa swali. "Angekaa. Angekupa mkono, akuulize habari za safari. Mgeni hakimbiwi."

Lusekelo alikuwa ameniambia ukweli mtupu, akacheka, akaendelea kula. Laiti angekuwa hai ningempiga na mwiko. Nikavuta sahani, nikala ndizi zote, nikalia, nikala tena.

Ukutani

Asubuhi mzee alirudi na wale wazee wenzake, mama mkwe ameshampelekea habari ya neno nililotumwa. Alikaa nje, nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Mimi nilikaa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule, na daftari langu la darasani. Mama mkwe alisimama mlangoni, akituona wote wawili.

"Mwandishi yuko tayari?" sauti ikauliza nje. Sauti nzito, ya mahakamani.

"Anauliza uko tayari," mama mkwe akaniambia.

"Nimesikia, mama. Niko tayari."

"Anasema yuko tayari," akamwambia mumewe.

"Nimesikia," mzee akasema. Na tulikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, kila neno mama akilibeba, ingawa ukuta ule usingezuia hata kukohoa.

"Aandike: Mimi. Hapo aache nafasi, jina langu nitajaza mwenyewe, yeye asiliguse. Jana ameligusa kiasi cha kutosha." Nikasikia wazee wakiguna. "Mimi nilikuwa karani, nikawa hakimu, nikawa mbunge. Nikiwa hakimu, nilimwambia mwanamke wa Hasamba kwamba si mke, kwa kuwa ng'ombe hawakutoka."

Akanyamaza. Nikangoja na kalamu. Mama mkwe naye akangoja, hana la kubeba.

"Aandike. Nilipokuwa bungeni ililetwa sheria mpya ya ndoa. Inasema watu wakikaa pamoja miaka miwili, na majirani wakawahesabu mume na mke, wadhaniwe wameoana. Niliikubali, huku nikimkumbuka mama yule. Niliporudi kumtafuta nikaonyeshwa kaburi."

Niliandika mbio nisiache neno, ndiyo maana mwandiko ule haufanani na wangu.

"Sasa kuhusu huyu. Mwanangu aliniandikia kwamba ameoa. Lakini ushahidi wangu ni huu: alikuja mbele yangu saa sita mchana, mbele ya wazee kumi na mmoja watakaotia dole gumba hapa chini, nami nikamkimbia. Kwetu mtu hamkimbii mwanamke wa barabarani. Humkimbia mke wa mwanawe. Nimemkimbia na goti langu bovu, na kiatu nikaacha. Nyumba ya mwanangu ni yake. Hukumu imekwisha."

Niliweka daftari kwenye kigoda, nikatoka kwa mlango mwingine. Niliporudi jina lilikuwa limejazwa, na chini madole gumba kumi na moja, na sahihi ya balozi wa nyumba kumi.

Nilikaa nao wiki mbili. Nilijifunza kukohoa kabla ya kupita uani, na kujificha nikisikia kikohozi chake. Siku ya kuondoka, mama mkwe alinisindikiza barabarani, na pembeni, ndani ya migomba, nilisikia mtu akitembea sambamba nasi hadi kwenye lori. Sikugeuka. Uso wake sikuushika vizuri siku ile ya kwanza, na sasa siruhusiwi kuutafuta.

Halmashauri

Mwenyekiti alisoma ukurasa ule kimya. Akausoma tena kwa sauti. Akavua miwani.

"Mama Neema, mzee alikukimbia?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na wewe umefurahi?"

Ninyi mliokuwepo mlicheka, msikatae. Mjumbe mmoja akasema yeye akikimbiwa anajua hatakiwi. Nikaanza kueleza, nikajikanyaga. Mwenyekiti akamgeukia Ambakisye. "Wewe ni mtoto wa huko. Maneno haya yana maana, au mzee amechoka akili?"

Angesema tu mzee amechoka akili, na nani kati yenu angebisha?

Ambakisye akachukua daftari. Akalitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya madole gumba, moja moja. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Alikimbilia wapi?"

"Migombani."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya wazee wote."

Akaguna. "Baba mkubwa hajapata kumkimbia mtu," akasema. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, andika. Nyumba ni ya shemeji."

Akachukua kofia yake akatoka. Ndiyo mara ya kwanza kuniita shemeji. Nilikuwa na maneno makali ya kumjibu, nimeyapanga vizuri tangu ndani ya treni, na sikupata pa kuyasemea. Nikakunja daftari, nikaenda zangu nyumbani.